Simu ilisema mvua, shamba likabaki kavu: kompyuta inakokotoa nini hasa?

Swali: "Mtaalamu, habari za kazi. Mimi ni mwalimu wa hisabati sekondari, wilaya ya Kongwa, na nina ekari nne za alizeti. Desemba simu ilinionyesha mvua ya milimita 12 siku ya Jumamosi, uwezekano asilimia 70. Ijumaa nikaweka vibarua, tukapanda. Jumamosi mawingu yakaja, radi zikapiga, tone halikudondoka. Shemeji yangu, mwendo wa nusu saa kwa bodaboda kutoka kwangu, alipata maji mpaka korongo likashuka. Programu nyingine kwenye simu hiyohiyo ilisema milimita 3. Naambiwa utabiri ni hesabu ya kompyuta. Mimi nafundisha hesabu, na hesabu iliyofanywa sawasawa ina jibu moja. Sasa hii ni hesabu gani, na inakosea wapi?"

Mwalimu, salama. Pole kwa mbegu, na pole kwa pesa ya vibarua. Hiyo Jumamosi yako naijua. Wingu linasimama jeusi upande mmoja, upepo wa baridi unafika na vumbi lake, harufu ya udongo uliolowa inakuja puani, halafu basi. Upepo ule ni hewa iliyopozwa na mvua ya jirani, ikaporomoka kutoka kwenye wingu na kutawanyika chini. Wewe ulipata upepo, shemeji yako akapata maji.

Nianze na huyo shemeji, kwa sababu yeye ndiye nusu ya jibu.

Programu ya simu yenyewe haitabiri kitu. Inasoma namba zilizokokotolewa na kompyuta kubwa mahali pengine, mara nyingi kwenye kituo cha utabiri cha nchi za Ulaya, ambacho ofisi zake kuu ziko Reading, Uingereza, au kwenye idara ya hali ya hewa ya Marekani. Kompyuta hizo zimeigawa hewa ya dunia nzima katika miraba. Mfumo wa Ulaya una miraba ya kilomita 9 hivi kila upande, ule wa Marekani kilomita 13. Juu ya kila mraba hewa imekatwa tena matabaka. Mfumo wa Ulaya una matabaka 137, kutoka ardhini hadi kilomita 80 hivi angani. Ndani ya kila kipande kuna joto moja, unyevu mmoja, upepo mmoja. Na kila mraba una mvua moja.

Kilomita 9 kwa 9 ni kilomita za mraba 81, yaani zaidi kidogo ya ekari 20,000. Za kwako ni nne.

Sasa tuseme mvua ya radi imeshuka kwenye mraba mmoja wa aina hiyo. Tatu ya kumi ya eneo imepata milimita 40 na korongo limeshuka. Saba ya kumi haikupata tone. Wastani wa mraba ni milimita 12, na hiyo ndiyo namba uliyoiona kwenye simu. Ndani ya mraba huo hakuna mkulima hata mmoja aliyepata milimita 12, na bado namba ni sahihi. Sidai kwamba ndivyo ilivyokuwa siku ile, maana sikuwepo na sina vipimo vya kijiji chenu. Nasema inawezekana kabisa kwamba kompyuta ilipatia, ila ilikuwa inazungumzia eneo lenu lote kwa mpigo mmoja, nawe ukasoma kama ahadi ya shamba lako.

Utauliza kwa nini wasiweke miraba midogo, ya ekari nne nne. Hapo ndipo hisabati inapoanza, na wewe nitakuonyesha kwa namba, kwa sababu maneno peke yake hayatoshi.

Milinganyo ya hewa imejulikana muda mrefu. Ni ileile ya Newton ya mwendo, pamoja na kanuni kwamba hewa haipotei, joto halipotei, na mvuke haupotei bali hugeuka wingu na mvua. Mnorwe Vilhelm Bjerknes alisema wazi mwaka 1904 kwamba ukiijua hali ya hewa ya leo na ukiwa na milinganyo hiyo, ya kesho ni suala la kukokotoa. Ugumu ni kwamba milinganyo hiyo haitatuliki kwa kalamu ikatoa fomula moja. Lazima tukadirie, na namna za kukadiria ni nyingi. Kwa hiyo, Mwalimu, ile kauli yako ya jibu moja ni kweli kwa milinganyo yenyewe, lakini si kweli kwa makadirio yake.

Chukua barabara kuu inayotoka Morogoro kuja kwetu. Weka vituo vitano, kila kimoja kikisimama badala ya mraba mmoja wa kompyuta: Gairo, Kibaigwa, Mbande, Chamwino, Dodoma mjini. Kwa ajili ya hesabu tuseme vimeachana kilomita 30 kila kimoja. Upepo unavuma kutoka mashariki mita 10 kwa sekunde, haubadiliki. Gairo imeingia hewa yenye unyevu wa gramu 14 za mvuke kwa kilo ya hewa, na itabaki hivyo. Vituo vingine vyote vina gramu 10. Swali: unyevu utafika Dodoma lini, na kwa kiasi gani?

Kwa akili ya kawaida jibu ni rahisi. Upepo unatembea kilomita 36 kwa saa, kwa hiyo kila baada ya dakika 50 ukingo wa hewa ile unafika kituo kinachofuata. Baada ya dakika 50 Kibaigwa inakuwa 14 kamili na Mbande bado 10.

Kompyuta haioni ukingo. Inaona vituo tu. Kanuni rahisi kuliko zote ya kuipa ni hii: unyevu mpya wa kituo ni unyevu wake wa sasa, jumlisha C mara tofauti kati ya jirani wa upande upepo unakotoka na yeye mwenyewe. C ni kasi ya upepo mara hatua ya muda, gawa kwa umbali kati ya vituo.

Chagua hatua ya dakika 25. C inakuwa 0.5. Hatua ya kwanza, Kibaigwa inatoka 10 kwenda 12. Hatua ya pili Kibaigwa inafika 13, na Mbande inapanda hadi 11. Dakika 50 zimeisha: Kibaigwa ilitakiwa iwe 14, imepata 13, Mbande ilitakiwa ibaki 10, imeshapata 11. Ukingo uliokuwa mkali umeparaganyika na kusambaa, kama wino kwenye karatasi iliyolowa. Hakuna upepo uliofanya hivyo. Ni hesabu yenyewe. Kila mfumo wa utabiri una ugonjwa huu kwa kiwango fulani, na ndiyo sababu mojawapo mvua ya kwenye kompyuta inaonekana laini na pana kuliko ya kwenye ngozi.

Sasa fanya haraka. Unataka kumaliza mapema, chagua hatua ya dakika 100. C ni 2. Hatua ya kwanza Kibaigwa inaruka hadi 18, unyevu mwingi kuliko wa Gairo ulikotoka. Hatua ya pili Kibaigwa inarudi 10, Mbande inafika 26. Hatua ya tatu Kibaigwa 18 tena, Chamwino 42, na Mbande hasi 6. Hewa yenye mvuke wa hasi 6! Nilipoandika programu yangu ya kwanza ya aina hii nilikaa na namba hasi siku mbili nzima nikitafuta kosa la uchapaji, na kosa la uchapaji halikuwepo. Hatua ya muda ndiyo ilikuwa ndefu mno. Katika dakika 100 hewa imetembea kilomita 60, imepita vituo viwili, lakini kanuni inamuuliza jirani mmoja tu. Habari imempita anayeulizwa.

Sharti hilo, kwamba katika hatua moja habari isiruke zaidi ya kituo kimoja, lilithibitishwa mwaka 1928 na wanahisabati watatu, Courant, Friedrichs na Lewy. Ukilisoma vizuri utaona bei ya miraba midogo. Punguza upana wa mraba kwa nusu: miraba inakuwa mara nne, na hatua ya muda nayo lazima ikatwe nusu, kwa hiyo kazi ni mara nane, hata kabla hujaongeza matabaka. Kutoka kilomita 9 kwenda kilomita 1 ni 9 mara 9 mara 9, yaani kazi mara 729. Na utabiri wa kesho lazima utoke leo.

Isitoshe, upepo si kitu chenye kasi kuliko vyote hewani. Sauti husafiri mita 340 hivi kwa sekunde, na milinganyo ya hewa inabeba pia mawimbi mengine yenye kasi ya kukaribia hiyo. Kwa mraba wa kilomita 9, sauti inavuka kwa sekunde 26. Je, tutembee kwa hatua za sekunde 26 kwa ajili ya mawimbi ambayo hayaleti hata tone? Mfumo wa Ulaya wenye miraba hiyo hutembea kwa hatua za sekunde 450, dakika saba na nusu. Unawezaje?

Kwa mbinu mbili, na mimi huziona ni kati ya mambo mazuri kabisa katika hisabati ya kazi. Ya kwanza: badala ya kusimama Mbande na kumuuliza jirani ana nini, unaiuliza hewa iliyofika Mbande sasa hivi, "Hatua moja iliyopita ulikuwa wapi?" Unaifuata nyuma kwenye njia yake, hata kama inatoka vituo vitano huko, unasoma unyevu uliokuwepo pale na kuuleta. Juu kabisa, ambako upepo unaweza kufika mita 100 kwa sekunde, hewa husafiri kilomita 45 ndani ya hatua moja, miraba mitano, na hesabu hailipuki. Ya pili: kwa yale mawimbi ya mbio, hali mpya inaingizwa ndani ya mlinganyo wenyewe kama kitu kisichojulikana, halafu vituo vyote vinatatuliwa kwa pamoja, kama milinganyo sambamba unayofundisha, isipokuwa hii ni mamilioni. Mawimbi ya mbio yanapunguzwa mwendo ndani ya hesabu. Si kweli kimaumbile, lakini hayadhuru mvua.

Wa kwanza kujaribu kazi hii alikuwa Mwingereza Lewis Fry Richardson, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, akihudumu Ufaransa kwenye magari ya kubeba majeruhi na kukokotoa kwa mkono. Alichukua vipimo vya tarehe 20 Mei 1910 akakokotoa mgandamizo wa hewa ungebadilikaje kwa saa sita katika sehemu moja ya Ujerumani. Akapata mabadiliko ya milibari 145 (milibari ni kipimo cha mgandamizo). Hapa Dodoma, kati ya asubuhi na jioni ya siku ya kawaida, mgandamizo hucheza milibari chache tu. Alikichapisha kitabu chake mwaka 1922 na kosa hilo likiwa ndani, bila kulificha, na kwa hilo namheshimu sana. Chanzo hakikuwa hesabu mbaya: upepo na mgandamizo aliouanzia havikuwa vimesawazishwa, kwa hiyo kwenye hesabu hewa ilishtuka kama maji ya beseni lililogongwa. Na angeendelea na hatua zake za saa kadhaa, hasi 6 yetu ya Mbande ingemkuta naye. Mwaka 1950 kundi la mtaalamu wa hali ya hewa Jule Charney lilifanikiwa kwa kompyuta iitwayo ENIAC, Marekani. Utabiri wa saa 24 uliwachukua takriban saa 24 kuukokotoa.

Turudi Kongwa. Hata mbinu zote zikiwa sawa, wingu la mvua ya radi lina upana wa kilomita chache. Linapotea ndani ya mraba wa kilomita 9 kama sindano kwenye gunia la uwele. Kompyuta haiwezi kulichora, kwa hiyo inapewa kanuni ya kukisia: ikiwa hewa ya chini ni ya joto na ina unyevu kiasi hiki, na ya juu ni ya baridi kiasi kile, basi mawingu ya kadiri hii yapo humo, na wastani wa mvua yake ni huu. Kanuni hizi zinatofautiana kati ya mfumo na mfumo, na hiyo ni sababu kubwa kwa nini programu moja ilisema 12 na nyingine 3. Miraba si sawa, kukisia si sawa, na kila programu ina namna yake ya kuchukua namba za miraba na kuzipeleka kwenye jina la kijiji chako.

Kanuni hizo zina tabia mbili ambazo mkulima wa nchi za joto anafaa kuzijua. Huelekea kuinyesha mvua mapema mno, saa sita au saa saba mchana jua likiwa kali, wakati radi zetu nyingi hukomaa alasiri na jioni. Pia huelekea kunyesha kidogo kidogo kila siku mahali ambapo ukweli ni kavu, kavu, kavu, kisha gharika. Ukiona simu inakupa milimita 2 kila mchana kwa siku saba mfululizo, usiijumlishe ukapata 14. Isome hivi: hewa ya wiki hii ina unyevu, radi zinaweza kuzuka hapa na pale. Mifumo ya miraba ya kilomita 2 hadi 4, ambayo huendeshwa kwa eneo dogo badala ya dunia nzima, huyaona mawingu yenyewe na inafanya vizuri zaidi katika hili, ingawa nayo hukosea mahali hasa wingu litakapozuka.

Kuna la jiografia pia. Mvua nyingi za Ulaya huletwa na mifumo mipana ya mamia na maelfu ya kilomita, inayoshikiliwa na mzunguko wa dunia: ukiujua mgandamizo, umeujua upepo kwa sehemu kubwa. Nguvu hiyo ya mzunguko, kwenye latitudo yetu ya nyuzi 6 kusini, ni kama sehemu moja ya saba ya ile ya London. Mgandamizo wetu unasema machache kuhusu upepo, na mvua inaamuliwa na mambo madogo madogo: mwamba uliochemka, mteremko wa mlima, upepo baridi wa wingu la jana. Kompyuta, hata iwe nzuri kiasi gani, haijui mambo hayo yote asubuhi.

Na ndiyo maana ya ile asilimia 70. Mwaka 1961 mtaalamu wa hali ya hewa wa Marekani, Edward Lorenz, alirudia hesabu yake ya hali ya hewa akaingiza 0.506 mahali pa 0.506127. Baada ya muda majibu mawili hayakufanana hata kidogo. Alieleza hisabati ya jambo hilo mwaka 1963, na tangu hapo tunajua kwamba kosa dogo la kuanzia hukua. Kwa hiyo tangu 1992 kituo cha Ulaya hakitoi hesabu moja tu. Siku hizi hukokotoa 51: moja huanzia kwenye hali isiyotikiswa, na 50 nyingine kila moja kwenye hali iliyotikiswa kidogo. Zikitoa mvua 36 kati ya 51, hiyo ni asilimia 70 hivi. Asilimia hiyo haisemi mvua ni nyingi kiasi gani. Na kumi na tano zilizobaki, ambazo hazikutoa mvua, zilikuwa hesabu halali kama zile nyingine.

Umesikia pia mifumo ya akili bandia, ambayo haitatui milinganyo bali imejifunza kwa kumbukumbu za miaka mingi. Inafanya vizuri na ni ya haraka mno. Lakini kumbukumbu ilizosomea zimetengenezwa kwa kuchanganya vipimo na hesabu hizihizi za miraba, kwa hiyo kwa wingu la kijiji kimoja haijatuvusha bado.

Kwa alizeti zako, mimi nisingepanda kwa Jumamosi moja ya kwenye simu, hata ingesema asilimia 90. Ningeangalia mwelekeo wa siku kumi wa Mamlaka ya Hali ya Hewa, kwa sababu pale kuna mtu anayeijua Novemba hadi Aprili ya kanda ya kati na anayeisoma mifumo kadhaa kwa pamoja. Ningetazama kama programu zote mbili zinaonyesha siku kadhaa za mvua kwa Kongwa, Mpwapwa na Gairo kwa mpigo, maana unyevu ukiwa umetanda eneo pana, nafasi ya kila shamba inaongezeka. Halafu ningechimba kwa jembe kuona udongo umelowa hadi wapi. Jembe linapima shamba lako peke yake.

Na nina ombi, kwa sababu wewe una kitu ambacho kompyuta ya kituo cha Ulaya haina: wanafunzi waliotawanyika vijijini. Chukua chupa za maji za lita moja na nusu zenye ubavu ulionyooka, kata shingo, igeuze kama faneli ili maji yasikauke. Mimina maji kidogo chini mpaka yafunike mabonde ya kitako, piga mstari wa kalamu hapo, uwe sifuri. Kina cha maji juu ya mstari, kwa rula, ndicho milimita za mvua. Ziwekwe mahali peupe, mbali na paa na mti, zisomwe kila siku saa tatu asubuhi, kisha maji yamwagwe hadi kwenye mstari. Chupa 30 kwa wanafunzi 30. Kila asubuhi andikeni kila chupa imepata ngapi, wastani wa zote ni ngapi, na simu ilikuwa imesema ngapi. Daftari hilo likifika mwisho wa Aprili, nitumie nakala. Nitatafuta namba za mraba wenu wa siku hizohizo, tuzipange safu kwa safu na darasa lako.